Figo ya mdogo wangu inafanya kazi vizuri. Mbona mimi sina raha?

Mshona Kofia, Lamu

Asalaam aleikum wenzangu. Mimi ni mama wa Amu, mtaa wa Langoni, na huu ni mwaka wa pili tangu nipandikizwe figo huko Nairobi. Naomba mnisome mpaka chini kabla ya kunambia nishukuru. Nashukuru. Nashukuru kila nikienda msalani, maana aliyekaa kwenye mashine ya kusafisha damu mpaka mkojo ukakauka kabisa anajua haja ndogo ni neema ya aina gani. Nashukuru kila nikinywa maji. Siku za mashine nilikuwa napimiwa maji kwa kikombe, na joto la Mombasa mwalijua. Sasa naambiwa ninywe lita mbili, hata tatu, na mpaka leo nikishika jagi mkono unasita.

Karatasi zangu ni safi. Kreatinini, ile taka ya damuni inayoonyesha figo inasafisha vipi, iko sawa, presha sawa, mkojo hauna protini. Daktari anazitazama kwa furaha, dakika chache, mwengine aingie. Furaha hiyo natoka nayo mpaka kituo cha basi. Nikifika Mokowe kungoja boti imeshakwisha, nimeanza kuogopa kipimo kijacho.

Nyumbani nikisema sina raha watu wananitazama uso. Uso wenyewe ndio shida. Umejaa kwa prednisoloni, moja ya dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, mashavu yamekuwa mviringo, na huku kwetu mwanamke akijaa anaambiwa mashaallah, umenawiri, mume anakuweka vizuri. Nani atamsikiliza mtu aliyenawiri? Barakoa ya kujikinga na magonjwa angalau hainisumbui, naivaa chini ya ninja na hakuna anayejua. Nyinyi wanaume ndio mna kazi, mtaambiwa mna TB.

Kazi yangu ni kofia. Nashona za mkono, hizi za vitundu, ambazo moja inakula miezi. Vitundu vinatakiwa vilingane, na mzee anayejua kofia huigeuza akatazama ndani kabla ya nje. Tangu nianze takrolimasi, dawa nyengine ya kazi hiyo hiyo, vidole vinatetemeka. Si sana. Kikombe nabeba, samaki napaa, mtu akikaa nami haoni. Lakini sindano inaona. Kuna kofia ya bwana harusi nimeifumua na kuifumua, mwisho nikamrudishia mwenyewe pesa zake nikamwambia macho yanauma. Jioni wenzangu wanakaa barazani wanashona na kupiga soga, mimi niko ndani, nasema nina kazi ya jikoni.

Usiku wa manane niko macho kodo, kichwa kinakimbia. Asubuhi namkaripia mtoto kwa kijiko kilichoanguka, kisha nalia mimi. Ramadhani iliyopita daktari alinikataza kufunga. Nikawa namezea dawa nyuma ya mlango wa jikoni, mtu mzima mimi, nasikia watoto wangu nje wanajisifu wamefunga. Fidia nilitoa. Sheikh alinambia sina dhambi. Moyo haukusikia.

Sasa nifike penyewe.

Aliyenipa figo ni mdogo wangu wa mwisho. Mama yetu alifariki yeye hajaanza chuo cha Kurani, nikamlea mimi. Nimemuogesha, nimempiga, nimemlipia karo kwa pesa ya kofia. Presha ilipomaliza figo zangu tulipimwa ndugu wote, yeye ndiye aliyefaa, akasema twende. Mkewe wakati huo alikuwa na mtoto mchanga. Wifi yangu hakusema neno, wala la kukataa wala la kukubali.

Mdogo wangu ni mvuvi. Kila akishuka pwani anapita mlangoni kwangu na kuuliza kwa sauti, "Yangu haijambo?" Baraza zima linacheka. Mwanzo hata mimi nilikuwa nacheka. Siku hizi nikisikia kandambili zake naingia ndani.

Hajaniomba hata shilingi. Laiti angeomba, ningelipa nikapumua. Bado ananiletea samaki, changu au tewa, nikitoa pesa ananuna. Kusi likivuma na chombo chao kikachelewa kurudi, silali: huyu yuko huko nje na figo moja, na ya pili nimekaa nayo mimi kitandani. Nikimuona wifi sokoni na kapu zito, mtoto begani, natafuta kichochoro chengine.

Na lililonifanya niandike leo: amerudia sigara na miraa. Zamani ningemwita, nikafunga mlango, nikamsema mpaka machozi yamtoke. Sasa ulimi umekuwa mzito. Nitamgombeza vipi mtu ambaye nyama yake iko tumboni mwangu? Moshi nausikia kwenye nguo zake, nanyamaza, namuuliza habari za bahari.

Nambieni. Hizi ni dawa au ni mimi? Mikono itarudi? Na mliotoa figo, kama mko, mwataka nini kwetu hasa?

Upepo wa Kusi, Kizingitini

Dada pole, lakini shukuru Mungu. Binamu yangu alifariki akingoja mtu wa kumfaa. Huyo angekubali kutetemeka mwili mzima, si vidole tu. Mawazo yanaletwa na kukaa bure, jishughulishe.

Mwalimu Mstaafu, Malindi

Wa alaikum salaam bibiye. Huyo wa juu usimkasirikie, amejibu swali ambalo hukuuliza.

Mimi nilipandikizwa India mwaka 2011, na mtoaji ni mke wangu. Nikwambie jambo ambalo mimi hakuna aliyenambia. Mwaka wa kwanza ni kazi. Kliniki kila mara, sindano, hofu ya mwili kuikataa figo, wageni, harambee na mahesabu yake. Huna nafasi ya kuhuzunika. Mwaka wa pili watu wanarudi kwenye shughuli zao, wanakuona umepona, na wewe unabaki peke yako na mwili usiouzoea. Hapo ndipo mimi nilipoanguka. Nilikuwa naamka, nameza dawa, narudi kitandani. Mke wangu akawa anadhani najutia figo yake.

Kwangu kilichouma zaidi ni jamaa wa mashine. Tulikuwa zamu moja, mara mbili kwa wiki, masaa manne kila mara tumelala safu moja, tunataniana nani ameiba maji akaja na kilo za ziada. Nilipotoka wakaanza kupungua. Simu ikilia najua. Mmoja wao alikuwa na watoto wadogo kuliko wangu na hakupata ndugu wa kumfaa. Kwa nini mimi? Sikuwa mwema kuliko yeye. Jibu sina mpaka leo, ila nimeacha kujificha. Kila Idi napita pale kwenye mashine kuwaamkia walioko. Nabeba kalmati kidogo. Tende na madafu siwapelekei, madini ya potasiamu yaliyomo humo kwa mtu wa mashine ni sumu, na nimewahi kumuona mgeni mwenye nia njema kabisa akiingia na mkungu wa ndizi.

Sasa hilo deni lako. Figo ya kwanza kupandikizwa ikafaulu ilikuwa Boston, Marekani, tarehe 23 Disemba 1954, kwa mikono ya Dkt. Joseph Murray na wenzake. Mtoaji alikuwa Ronald Herrick, mpokeaji ni pacha wake Richard. Darasani nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi sehemu ya sayansi peke yake: pacha wa kufanana, ndiyo maana mwili haukukataa, kwa sababu dawa kama hizi zetu zilikuwa hazijapatikana. Nilipougua ndipo nilipoiona sehemu ya pili. Usiku wa kuamkia operesheni yule mgonjwa alimpelekea nduguye kikaratasi, anamtaka aondoke hospitalini arudi nyumbani. Nduguye akajibu kwa kikaratasi kwamba yuko na atabaki. Kwa hiyo bibiye, hata mtu wa kwanza kabisa alijaribu kulikimbia deni hili kabla halijawa deni.

Richard aliishi miaka minane baada ya hapo, akamuoa nesi aliyemuuguza, wakapata watoto wawili. Ronald alikuwa mwalimu wa hesabu, fani yangu hiyo, akafariki mwaka 2010 akiwa na miaka 79. Alikaa na figo moja miaka 56. Kusi likivuma mfikirie huyo.

Hofu ya vipimo kwangu haikwisha, ilipungua tu, na ilipungua kwa jambo ambalo watoto wangu waliliona upuuzi: nilipanda minazi. Hii minazi mirefu yetu ya asili, ya kungojewa miaka sita, saba, ndipo izae. Mke wangu akauliza, nani atakunywa madafu yake? Nikamwambia tutaonana hapo. Figo ya mtoaji aliye hai mara nyingi hudumu miaka 15 mpaka 20, na wako waliopita hapo kwa mbali. Madafu tunakunywa. Mimi nusu dafu, kwa sababu takrolimasi nayo hupandisha potasiamu, na mke wangu anasimamia hiyo nusu kwa macho mawili.

Hapo kwenye "jishughulishe" mimi sikubaliani. Mshona kofia aliyenyang'anywa vidole hajakaa bure kwa kupenda.

Dawa Asili Pwani

Dada hizo dawa za hospitali ndizo zinazokumaliza. Punguza vidonge nusu, nikupe unga wa mizizi wa kusafisha figo na kutuliza mishipa. Wengi wamepona. Niandikie pembeni.

Sista wa Figo

Nimefanya kazi chumba cha mashine na kliniki ya figo, na ujumbe wa hapo juu nimeuona ukileta watu wodini. Dada, unga huo usiuguse, na kidonge usipunguze hata robo bila daktari. Figo iliyopandikizwa ni mgeni mwilini siku zote, hata ikikaa miaka ishirini, na kinga ya mwili haisahau. Ukipunguza dawa hutahisi kitu leo wala wiki ijayo. Halafu kreatinini inapanda, na mara nyingine hairudi. Mizizi usiyoijua inaweza kuipandisha takrolimasi damuni au kuishusha. Hata balungi, tunda la kawaida, linaipandisha, ndiyo maana tunalikataza.

Umeuliza ni dawa au ni wewe. Vyote viwili, na vinasukumana.

Prednisoloni inavuruga usingizi na inaleta hasira na machozi ya ghafla, hilo linajulikana. Imeze asubuhi baada ya kula, isisogee jioni, na usiiache ghafla. Vidole ni takrolimasi, na mara nyingi kutetemeka kunafuata kiwango chake kwenye damu. Omba kipimo cha kiwango. Damu itolewe asubuhi kabla ya dozi, yaani masaa kumi na mbili hivi yapite baada ya dozi ya jioni. Wagonjwa wetu wa mbali wanalala Mombasa kwa jamaa, wanaamka, wanameza kwa mazoea, wanakuja maabara, na kipimo hicho hakisemi ukweli. Beba dozi mkobani, meza ukishatolewa damu. Kiwango kikiwa juu daktari atapunguza, au atakubadilishia ile aina inayotoka polepole mwilini. Wengi mikono hutulia, kwa wengine hubaki kidogo, siwezi kukuahidi kitundu cha kofia.

Sasa kulia, kutolala, kujifungia, kukimbia watu. Yakizidi wiki mbili hiyo tunaiita sonona, na inatibika. Sisi wa hospitali tuna kosa letu hapa, tunatazama karatasi. Kwa hiyo mwambie daktari kabla hajaifungua: "Silali, na sitaki kuona watu." Sentensi hiyo hiyo, usiipambe. Ziko dawa za sonona zinazopatana na dawa za figo na ziko zinazogombana nazo, usijinunulie dukani. Na maadamu tuko dukani, diklofenaki na ibuprofeni pia uziache huko huko hata kichwa kikiuma vipi. Usiku ukikuzidi, piga 1199, ni nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, utapata mshauri wa kuongea naye.

Nauliza hivi kwa kila mgonjwa, nakuuliza na wewe: umewahi kufikiria kuziacha dawa? Nimewaona walioacha wakiwa na dawa tele kabatini. Walichoka tu.

Binti Shela

Umeuliza sisi tuliotoa tunataka nini. Nijibu bila kuzunguka.

Nilimpa dada yangu mkubwa. Siku za mwanzo hospitalini mimi niliumwa kuliko yeye, jambo hili watu hawalijui. Yeye aliamka damu imesafika, rangi imerudi, anauliza chakula. Mimi niliingia mzima nikatoka nimejikunja. Tulipofika nyumbani watu walijaa chumbani kwake na uji na dua, kwangu walichungulia. Kliniki chache, hospitali nayo ikanisahau. Nikawa nalia, na sijui nalilia nini. Sikujuta, nieleweke. Ni kwamba jambo kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya lilikwisha, na mtu niliyemfanyia akaanza kunikwepa.

Ndiyo, alinikwepa. Nafika kwake namsikia jikoni, mtoto anatumwa aseme mama amelala. Nikaamini anaogopa nitamuomba pesa. Basi mwenzangu, wewe unasikia kandambili, naye anasikia mlango.

Utani wake ukikuchoma mwambie, lakini faragha, si mbele ya baraza. Mimi nadhani mwenzako anauliza kweli. Mvuvi wa Amu atakaaje kitako akwambie, dada naogopa figo yangu isije ikafa kwako? Sisi nasi tunangoja vipimo vyenu. Tofauti ni kwamba hakuna anayetupigia simu kutupa majibu.

Na hiyo sigara mgombeze. Leo. Dada yangu aliacha kunisema kabisa. Akawa ananipa kiti kizuri, kipande kikubwa cha samaki, ananiita mama. Nilimchukia kwa hilo, wallahi. Nilitoa figo ili nibaki na dada, nikapewa mgeni wa kunishukuru. Siku aliponifokea kwa sababu nilichelewa kumrudishia kanga yake nilicheka mpaka akadhani nina wazimu.

Ila kuna mtu mmemruka nyote humu. Wifi yako. Mume wangu alininunia karibu mwaka, mwisho akalipuka: watu wote waliulizwa, mimi niliambiwa. Alikuwa na haki. Nenda kwa wifi kabla hujaenda kwa mdogo wako. Na usibebe kitu, usiende na kanga wala kilo ya sukari. Ukibeba ataona umekuja kulipa.

Mshona Kofia, Lamu

Nimerudi. Samahani kwa kukawia, ilikuwa safari na kliniki, na barabara mwaijua.

Sista, kwanza kwako. Hapana, kuziacha sijawahi kufikiria. Nimewahi kufikiria kuchoka, ikiwa hiyo ni fikra. Dozi nilibeba mkobani kama ulivyosema, na kiwango kilikuja juu. Daktari amepunguza, tunapima tena. Vidole vimetulia kiasi. Kofia ya mtu mzima sijarudi, nimeanza moja ya mtoto, vitundu vikubwa, wa kuigeuza ndani hayupo. Ile sentensi niliisema kabla hajafungua karatasi. Akaweka kalamu chini. Tukaongea muda ambao hatujawahi, watu nje wakaanza kugonga mlango. Dawa mpya sikupewa, nimepangiwa mshauri kwanza, na kwa kuwa niko mbali tutaongea kwa simu. Usiku bado naamka, nisiwadanganye.

Mwalimu, kile kikaratasi nilimsomea mume wangu. Akasema angekuwa yeye angeenda nyumbani kweli. Wanaume.

Binti Shela, nilikwenda kwa wifi mikono mitupu na nikaona haya njia nzima, kwetu hatuingii nyumba ya mtu hivyo. Alikuwa anakuna nazi. Nikachukua mbuzi ya pili nikakaa. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, nikasema moja tu, kwamba sikuwahi kumuuliza. Aliendelea kukuna. Halafu akasema figo hajawahi kuichukia, alichokichukia ni kwamba habari aliipata kwa jirani, mumewe ameshapimwa, wazee wameshakubaliana, na yeye bado yuko kwenye arubaini. Na kwamba tangu operesheni watu wote wananiuliza mimi hali yangu, wakimuona yeye wanamuuliza pia hali yangu. Alikuwa akisema huku machozi yanaingia kwenye nazi, nami pia, tukaharibu kifuu kizima.

Sigara zinamkera kuliko mimi. Akanambia alikuwa ananingoja mimi niseme, kwa sababu yeye akisema mumewe anajibu mbona dada hajasema kitu.

Basi nilimwita. Nilimsema kama zamani, nikimtaja na marehemu mama. Alikasirika, akanambia mwili wake ni wake. Nikamwambia ulivyonipa nusu hukusema hivyo. Akatoka. Siku ya pili alipita bila kuuliza chochote, na kwa mara ya kwanza nilitamani aulize. Siku ya tatu akauliza, kwa sauti ile ile. Nilimvuta ndani nikamwambia sitaki kuisikia mbele ya watu. Akashangaa kabisa. "Mbona hukusema siku zote?" Miraa amesema ataacha, sigara amesema atapunguza, na mimi nimemlea, najua "nitapunguza" yake ina maana gani. Nitaendelea kumsema.

Sista, nina swali. Wifi anasema mumewe tangu mishono ipone hajaenda kupimwa popote. Anatakiwa apimwe nini?

Sista wa Figo

Presha, kreatinini, na mkojo kuangaliwa protini. Mara moja kwa mwaka, maisha yake yote, hata akijisikia mzima. Mtu wa figo moja presha yake haiachwi ikapanda, na sigara inaipandisha na kuiumiza mishipa ya hiyo figo, mwambie imetoka kwangu kama yako haitoshi. Kreatinini haihitaji kufunga, ale kama kawaida, ila usiku wa kabla asile nyama nyingi. Diklofenaki asitumie, najua wavuvi mnaitumia kwa mgongo. Mkojo uwe wa asubuhi, wa kwanza.

Mshona Kofia, Lamu

Ahsante sista. Kliniki yangu ijayo tunapanda basi pamoja, mimi na yeye, tutalala kwa shangazi Kisauni. Ameshaanza kulalamika kuhusu sindano. Mtu aliyetolewa figo.

Binti Shela

Mwambie sote tunaogopa sindano. Na wifi naye apande basi hilo.